Maneno ya Kaka Yalipohamishwa

Tovuti iliyohifadhi programu ya kaka yangu ilipotangaza kwamba inafungwa, mimi nilishtuka, Injinia akafurahi. Injinia ni jina la utani tu. Alikuwa rafiki wa kaka na mwenzake kazini, na kitu chochote kipya humtia wazimu.

"Huko tunakohamia mambo yanakwenda mbio, dada," aliniambia. "Hapa tulikuwa tunajikokota tu."

Programu yenyewe huchora mishono: unaweka kifua, kiuno na urefu, inakutolea mchoro wa kukatia kitambaa. Kaka aliitengeneza kwa ajili ya mama, aliyetulea kwa cherehani, kisha akaiweka wazi, yeyote aitumie na kuirekebisha bure. Mafundi wa kila pembe wakaja na malalamiko yao hapo tovutini, naye akawajibu hapo hapo, mmoja mmoja, kwa utani. Alipofariki, majibu hayo ndiyo yaliyotubakia. Kila asubuhi, mama akipumzika na chai yake, aliniomba simu ayasome. Kando ya kila jibu palikuwa na picha ndogo ya kaka, amekunja uso kama mtu aliyeamshwa usingizini.

"Leo kamtania nani huyu?" mama alikuwa akisema, kisha anacheka peke yake.

Hayo ndiyo niliyotaka yafike salama. Programu yenyewe ingekwenda hata motoni, shauri yake.

Tovuti mpya ina sheria: kila aliyeandika athibitishe kwa barua pepe kwamba maneno ni yake. Asiyejibu, maneno yake huwekwa chini ya jina la aliyehamisha. Nikamwomba Injinia asubiri niwaandikie wenye tovuti, niwaeleze kwamba mwenzetu ni marehemu. Akasema sawa, kumbe sawa ya mdomoni. Siku ya kufungwa ilipokaribia akaingiwa na hofu, akabonyeza kitufe cha kuhamisha.

Aliniita ofisini kwake, chumba kidogo nyuma ya duka la simu, akanigeuzia skrini kwa fahari. "Hesabu imetimia, dada. Hakuna hata neno moja lililopotea."

Kweli halikupotea. Utani wote ulikuwepo, na kila samahani aliyowahi kumwomba fundi. Ila kando ya kila jibu la kaka yangu palikuwa na picha ya Injinia, na miwani ya jua, anachekelea.

"Rudisha," nikasema.

"Kule kumeshafungwa. Na hawa wanataka athibitishe mwenyewe."

"Mwenyewe yuko kaburini, wewe!"

Akainamisha kichwa. Alimpenda kaka, najua, na hilo lilinizidishia hasira, maana sikuweza hata kumchukia vizuri.

Nikawa namzungusha mama: mara chaji imeisha, mara bando limekwisha. Lakini mama si mtoto. Asubuhi moja alinyoosha mkono tu, nikampa simu. Akasoma polepole jibu alilokwisha kulikariri: "Mama yangu ni fundi. Akiuona mkono wa shati hili, tutachapwa sote wawili." Akaitazama picha.

"Kumbe na huyu mama yake ni fundi?"

Nikamweleza kwamba maneno ni yale yale ya mwanawe, jina tu ndilo limebadilika. Akaniacha nimalize.

"Sasa mwanangu yuko wapi hapa?"

Nikashika simu nikatafuta, juu na chini, ilhali nilijua hayumo. Mama alinitazama nikitafuta. Kisha akarudi kwenye cherehani yake, na tangu hapo hajaniomba simu tena.