Mwalimu Zenon na Maana ya Kugeuka Jiwe

Mwaka ule vita ya Hitla ilipokwisha, padri wa misheni ya Sumbawanga, aliyekuwa akikusanya maneno ya Kiswahili, alimwuliza Mwalimu Zenon: ni lini husemwa kwamba mtu amegeuka jiwe? Zenon hakuwahi kukosa jibu, hata pale alipokosa ujuzi. Akaandika papo hapo: "Kugeuka jiwe: kushikwa na hofu hata mwili na ulimi visitikisike. Hunenwa juu ya washamba. Mtu aliyesoma hageuki jiwe." Sentensi ya mwisho akaipigia mstari, tena kwa rula.

Jumamosi akaenda Ilemba kumposa Epifania. Wenzake walimsihi atume mshenga, kama wafanyavyo watu wenye akili zao. Mshenga wa nini, na yeye ana ulimi wake? Aliikariri hotuba njia nzima, akiteremka mlima na baiskeli ya misheni mkononi.

Mzee Tadei, baba wa binti, alikuwa ameketi barazani. Kwao mdogo ndiye huanza: hupiga magoti, hupiga makofi taratibu, kisha husalimu. Zenon alipiga magoti vizuri kabisa. Hapo mikono ikagoma. Shikamoo, neno wanaloliweza hata watoto wa darasa la kwanza, likamkwama kooni. Mzee akangoja. Kuku wakapita, wakarudi. Machozi yakamlengalenga Zenon, kwa maana alimpenda sana yule binti, na mwanamume asiyesalimu hapewi mke.

"Huyu ndiye mwalimu mwenyewe?" Mzee Tadei aliuuliza mlango, akaanza kuinuka.

Epifania akatoka jikoni, mikono imejaa unga wa ulezi. Alijua vema kwamba mwanamke anayepiga magoti kando ya mwanamume mbele ya wazazi amekwisha kumkubali. Akapiga magoti kando ya Zenon, akapiga makofi mpaka unga ukaruka.

"Shikamoo, baba. Tumekuja kukusalimu."

Mzee akaketi tena, akamgeukia bintiye.

"Marahaba. Lakini jiwe lako hilo, mwanangu, utalibeba mwenyewe."

"Nitalibeba, baba."

Jumatatu Zenon aliiomba karatasi yake. Akafuta "washamba", akaandika "walimu". Akaifuta na sentensi ya mwisho, mstari na yote, na mahali pake akaweka mfano: "Mwalimu aligeuka jiwe, mchumba wake akamsemea."

"Mfano mzuri," alisema padri. "Je, ni wa kweli?"

Zenon akafungua kinywa. Hakikutoka kitu.