Mtu Asiyeamkiwa

1.

TANGAZO
Ni marufuku kupita getini bila kumwona mlinzi.
Kwa amri,
OFISI YA MKURUGENZI

2.

Mlinzi mwenyewe ni Mhina, na Mhina haamini mageti. Haamini mkurugenzi, wala mwenyekiti wa mtaa, wala monita wa darasa. Mtu asiwe juu ya mtu, basi. Ila tumbo nalo lina maneno yake, ndiyo maana mgongoni ameandikwa MLINZI kwa herufi za njano.

3.

Vitu alivyoacha Mhina:
kadi ya chama
kiti cha meza kuu harusini
shikamoo

Ndiyo, shikamoo. Haitoi wala haipokei. “Semeni tu habari,” aliwaambia majirani. “Sote sawa.”

Sasa wewe msomaji, uliyelelewa ukaleleka, umwambie mtu wa rika la baba yako “habari”? Watoto wa mtaa ule walishindwa. Wakimwona, wanavuka barabara.

4.

Dukani:
— Anaringa yule.
— Haringi, kasoma mno.
— Kusoma ndiyo kukataa salamu?
— Shh.

(Mhina ameingia kununua sukari.)

5.

Upweke.

Nautaja mimi, maana mwenyewe hatautaja.

6.

Dada yake, Mwanaidi, alimfuata hadi getini.

“Mama hali yake si nzuri. Kila siku ananiuliza, Mhina nilimkosea nini? Unaingia kwake unasema ‘habari za hapa’ kama mtu wa sensa!”

“Dada, shikamoo ni kujiweka chini ya—”

Honi. Mhina akainua kizuizi, akabana visigino, akapiga saluti. Gari la mkurugenzi likapita, vioo vimefungwa.

Mwanaidi alimtazama.

“Kumbe gari unaliamkia,” alisema, akaondoka zake.

7.

Ijumaa Mhina aliivua sare, akaikunja maandishi yakiwa ndani, akaenda kwa mama.

Alisimama mlangoni. Mama alikuwa kitandani, macho yake hayaoni tena. Mhina alitaka kusema habari. Alitaka kusema lile jingine. Aibu ikamshika kwelikweli.

Mama aligeuza uso kwenye zile nyayo anazozijua.

“Marahaba, mwanangu,” akaitikia.

Hakuna aliyekuwa ameamkia.

8.

Alipiga magoti. Akaishika miguu ya mama. Ilikuwa ya baridi.

Hakuna aliyemwamuru.

Akafungua kinywa, aka—