Mgomba Uliovikwa Kitenge Changu

Mvua ilinikamatia Kasongo, chini kabisa ukingoni mwa mto Lualaba, pale mashua za Kindu zinaposhusha watu na mizigo. Nilikuwa nimeendesha pikipiki peke yangu kutoka Kongolo, matope hadi kwenye nyusi, na kila kizuizi hakikukosa mwanaume wa kuniuliza bwana wangu yuko wapi. Wote niliwajibu kwamba ananingoja nyumbani, Wamaza. Nilikuwa naamini hivyo.

Nyumba ya wageni ya Mama Mado ina vyumba vichache vya matofali na baraza ya bati inayotazama mto. Barazani nilikuta wasafiri wawili wameshuka mashua asubuhi hiyo. Mmoja ni Mama Albertine, mwanamke mnene mwenye sauti ya kufika ng'ambo, kazi yake kuimba kwenye matanga. Mwingine ni Glody, mpiga picha wa Kindu mwenye ndevu zilizochanwa vizuri. Alikuwa amepakata kitu bapa kilichofungwa plastiki, hataki hata tone la mvua likiguse.

"Dada, nawa mikono, tule," Mama Albertine alisema kabla sijavua koti.

Sikungoja kubembelezwa. Nilimega bukari, ugali wa muhogo, nikachovya kwenye sombe ya majani yake, na njaa ya safari ikaanza kunisahau.

"Mwanamuke na pikipiki peke yako, unaenda wapi?"

"Wamaza."

"Ah! Hata sisi! Tunaenda kutosha matanga, kumaliza kilio, kesho. Kuja tu, iko mbuzi wawili, hakuna mutu atakufukuza."

"Nani alikufa?"

"Mwanamuke mumoja. Mashua ilizama mu ziwa Tanganyika, mwili haukuonekana. Ndugu walizika mugomba."

Nilimwelewa. Mwili ukikosekana, kwetu hukatwa mgomba, ukaoshwa, ukavikwa kitenge cha marehemu na kuzikwa kwa machozi ya kweli. Nami nimewahi kuulilia mgomba wa watu. Basi nikasema pole, nikaomba pilipili. Kisha, kwa umbea wangu tu, nikauliza bwana aliyeachwa mjane anafanyaje.

"Wanamupa mudogo wa marehemu," alijibu. "Kesho hiyo hiyo, matanga yakitoka. Mutoto alikuwa anasoma, sasa wamemutosha ku masomo. Analia, masikini. Lakini baba yake amesema pengo la binti linazibwa na binti."

"Baba gani huyo asiye na haya!" nilisema.

"Na marehemu alikuwa muzuri," Glody akadakia. Mtu wa kazi hakosi kujisifu. Alifungua plastiki polepole, akasimamisha picha kubwa ya fremu juu ya kiti.

Ilikuwa mimi.

Nilishtuka hadi tonge likaniponyoka. Alikuwa amenifanya mweupe, amenivika hereni nisizowahi kuvaa, na kovu la kidevuni amelifuta. Lakini macho ni yangu, na kule chini ameandika kwa rangi ya dhahabu: Régina, ulale salama. Nilimwona mdogo wangu Malaika na madaftari yake, halafu nikamwona kwenye kitanda changu.

Mkoba wangu ndio uliozama, si mimi. Nilikwenda Kalemie kununua samaki wakavu, nikapakia mkoba kwenye mashua ya kwenda Baraka, kadi yangu ya kura, ambayo bila shaka ndiyo waliyoiokota, ikiwa ndani, na kabla sijapanda homa ikaniangusha pale pale ufukweni. Nilizindukia hospitalini. Wamaza hakuna mtandao, kwa hiyo nilimtuma dereva mmoja aliyeapa kwa mama yake kwamba ujumbe utafika. Sijui aliunywa kwenye kilabu gani. Nilikaa miezi nikiuguza ini, kisha njia ikafungwa na watu wa bunduki, ndiyo maana nikazunguka kwa Kongolo.

"Ni mimi huyo," nilisema.

Mama Albertine alicheka hadi akashika mbavu. "Na matope hayo, dada, hata ungesema ni mimi!"

Nilisimama chini ya maji yaliyokuwa yakitiririka kutoka kwenye bati, nikanawa uso wote, nikarudi kukaa kando ya picha. Kicheko kikamkauka. Kiti chake kilianguka, naye akarudi nyuma hadi ukutani. Glody alitazama picha, akanitazama, akatazama kidevu changu.

"Kovu," alinong'ona. "Waliniambia nitoshe kovu."

Nilimnyooshea Mama Albertine mkono ili aone kuwa nina joto kama yeye.

"Usiniguse!" alipiga kelele. "Mutu wa kuzikiwa mugomba haguswi mupaka mugomba ufukuliwe! Mwenye kukugusa anaenda kulala mu kaburi pahali pako! Ngoja hapa, dada, tuende tuwaambie wafukue kwanza."

"Kesho munamupa bwana wangu mudogo wangu, na mimi ningoje jembe?"

Nikamuuliza lililokuwa likinichoma: je, Alimasi, bwana wangu, amekubali?

"Mwanzo alikataa," alisema bila kuniangalia. "Kisha akanyamaza."

Nilikuwa nimekasirika kwa sababu ya kaburi, lakini kule kunyamaza kuliniuma kuliko kaburi.

Alfajiri nilitangulia. Wao walinifuata juu ya pikipiki za kukodi, mbali, na nilipopunguza mwendo nao walipunguza. Njia ilikuwa tope tupu. Nilianguka, nikainuka, nikatukana, nikaendelea. Kila nilipofikiri nimechelewa, nilikaza mwendo hata usukani ukanikataa.

Nilifika mchana. Uwanja wa baba ulikuwa umejaa mikeka na masufuria, na Malaika amekaa katikati, amepakwa mafuta, amefungwa kitenge kipya hadi kifuani. Baba ndiye aliyeniona kwanza. Halafu mtu mmoja akapiga yowe, na wote wakakimbia, wengine juu ya chakula. Alimasi, katika shati jeupe, aliita jina langu mara moja. Hakusogea hata hatua moja.

Malaika alisimama.

"Usimuguse!" Baba alipiga kelele. "Malaika! Hatujafukua!"

Malaika alikuja moja kwa moja, akanishika uso kwa mikono yote miwili. Mafuta na tope vikachanganyika mashavuni mwangu. Watu wakashika vichwa, mama yetu mdogo akaketi chini na kuanza kumlilia Malaika badala yangu.

"Yaya, dada yangu," Malaika alisema, midomo ikimcheza, "kila siku niliomba uko muzima. Unisamehe. Sikukuombea weye. Nilijiombea miye."

Nilitazama uwanja ule. Wote walikuwa wamenililia, nilijua, na machozi yao hayakuwa ya uongo. Nao wote walikuwa wamesimama mbali, wakingoja jembe. Nikamshika Malaika mkono kwa nguvu, nikamwambia avue hicho kitenge sasa hivi, akavae nguo zake za shule.