Kaptura ya Shilingi Arobaini na Tano

Nimeshona suruali Likoni miaka ishirini na miwili, na katika miaka yote hiyo sijaona wapumbavu wa nguo kama wapanda baiskeli. Mtu atavaa kikoi kilichotoboka wiki nzima, lakini akisikia kuna mashindano ataanza kutafuta mavazi kama bwana harusi. Kwa hiyo shemeji yangu Mwidani aliponijia barazani, wiki tatu kabla ya uhuru, akaniambia anataka nikamtazamie kaptura katika duka la baiskeli kule kisiwani, nilicheka hata sindano ikanichoma.

"Ya kiasi gani?"

"Arobaini na tano, shemeji."

"Senti?"

"Shilingi."

Mwidani ni ndugu wa mke wangu, Mwanatatu. Kazi yake ilikuwa kupeleka mikate kwenye maduka ya njiani mpaka Ng'ombeni, kwa baiskeli ambayo hata haikuwa yake. Kila siku alimlipa mwenyewe shilingi moja ya kukodi, apate mzigo asipate. Sasa matajiri wa Likoni walikuwa wametangaza mashindano ya kusherehekea uhuru, kutoka Likoni hadi Ukunda na kurudi, na mshindi apewe baiskeli mpya kabisa. Mbio Mwidani alikuwa nazo, hilo sikatai. Tatizo lake lilikuwa matako. Akishaendesha kwa kasi muda wa saa moja, ngozi ilimchubuka, akaanza kukaa upande upande kama aliyekalia siafu. Mtu akamwambia dawa yake ni kaptura hiyo. Alikuwa na shilingi arobaini na saba mkebeni, za miezi minane ya kujinyima, na hakutaka kuzitoa mpaka mimi niseme neno. Fundi wa nguo katika ukoo ni mimi.

Tukavuka kwa feri. Mwenye duka aliitoa kaptura karatasini kwa vidole viwili, kana kwamba anatoa mkufu wa dhahabu. Kitambaa chenyewe sufu nyeusi ya kufumwa, imebana, na haifiki hata goti. Nikamuuliza Mwidani kama anakwenda kushindana au anakwenda kutahiriwa mara ya pili.

Nikaigeuza ndani nje, na hapo nikamdharau zaidi aliyeishona. Kwenye msamba, pale miguu inapokutana, palibandikwa kipande kimoja kipana cha ngozi laini, na mishono ya kitambaa ilipokaribia pale ilikwepa, mmoja huku mwingine kule, ikapita pembeni. Suruali ya haki ina mishono minne inayokutana katikati ya msamba. Hata mwanafunzi wa mwezi mmoja anajua.

"Huyu hakuweza kukutanisha mishono," nikamwambia mwenye duka, "akaona aifiche kwa ngozi."

Mwenye duka akasema yeye hajui kushona, anajua tu kwamba wanaoinunua hurudi kununua nyingine. Hilo ni jibu la mtu asiyejua anachouza.

Kando yetu alisimama Dishon, karani wa bandarini kule Kipevu, mtu wa bara, mrefu, na miwani juu. Naye alikuwa amejiandikisha kwa mashindano. Kiswahili chake kilinikwaruza masikio.

"Mzee fundi, wewe naona hii kitu ni mzuri?"

"Ni kaptura ya mjinga," nikamjibu.

"Basi nitajaribu ujinga," akasema, akahesabu pesa zake, akachukua moja. Ikabaki moja.

Mwidani aliitazama ile iliyobaki muda mrefu kupita kiasi. Nikamshika mkono.

"Rudisha pesa zako mkebeni. Nitakushonea mimi, bure, na wallahi itaishinda hiyo."

"Lakini ile ngozi yake, shemeji..."

"Na ngozi nitakutilia. Mbuzi wamekwisha Likoni?"

Nikashona. Nilichukua kitambaa cha marudufu mazito, yale ya kudumu, na ngozi nikainunua kwa mshona makubadhi. Nikaiteremsha ipite goti, ili mwanamume wa Kiislamu aweze kusali nayo akitaka. Mishono minne ikakutana katikati, sawasawa, bila hata uzi kupotoka. Niliitundika barazani siku tatu, na kila aliyepita nilimwita aje aone kazi, huku nikimsimulia habari za karani aliyenunua nusu nguo kwa bei ya kitanda.

Mwidani aliijaribu hadi Mtongwe na kurudi. Akasema inamuuma kidogo pale chini. Nikamwambia hata kiatu kipya huuma. Yeye huwa hanibishii.

Siku ya mashindano watu walijaa barabarani na bendera zao mpya. Dishon alipotokea na kaptura yake nyeusi, wanawake walijifunika nyuso kwa leso, wakachungulia kupitia pembeni. Nilipiga kelele kumuuliza nusu ya pili ameiacha wapi. Watu wakacheka, naye akacheka pia, na hilo likanikera. Mwidani alikuwa mstari wa mbele. Aliniinulia mkono kabla ya kuondoka.

Habari zikatufikia kwa lori lililotoka Ukunda: aliyegeuza wa kwanza ni Mwidani, na wa pili haonekani nyuma yake. Nikasimama juu ya kiti changu cha kazi. Niliwaambia majirani kwamba sasa wataona tofauti ya fundi na muuza duka.

Wa kwanza kutokea alikuwa Dishon. Alikuwa amekaa kitini ametulia, kama yuko ofisini kwake. Wakapita wengine watano. Mwidani alikuja wa saba, amesimama juu ya pedali. Walisema hakuwa amekaa tangu Waa, nusu ya njia ya kurudi. Alipovuka mstari hakuweza kushuka, ikabidi watu wawili wamteremshe, na hapo kila mtu akaona kiti cha baiskeli kilivyoloa damu.

Nikasema, tena kwa sauti, kwamba alianza kwa pupa.

Walimlaza kifudifudi chumbani kwetu. Nilikaa karibu naye nikingoja anitukane, na nilikuwa na majibu tayari. Hakunitukana. Alichoniomba ni nimrudishie mwenyewe baiskeli kabla ya magharibi, kwa kuwa siku ikipita ni shilingi nyingine.

"Na ahsante kwa kunishonea, shemeji," akasema, uso wake umeelekea ukutani.

Niliikokota baiskeli ile ya kukodi mbele ya watu wote niliowaita kuja kuona kazi. Kufika karibu na kwa mwenyewe nikasimama, nikakifuta kiti kwa leso yangu ya mfukoni. Niliona haya, nami si mtu wa kuona haya. Kule mbele Dishon alikuwa akitembeza baiskeli yake mpya, watoto wanaigusa kengele. Aliniamkia kwa heshima. Sikumwitikia.

Niliporudi, mke wangu Mwanatatu alikuwa uani amechutama kwenye karai, anaifua kaptura. Maji yalikuwa mekundu. Akaigeuza ndani nje, akapitisha kidole gumba pale mishono ilipokutana chini ya ngozi. Kulikuwa na tuta gumu, nami nililiona kutoka nilipokuwa nimesimama. Akalipitia tena polepole.

"Hapa umeshona mara ngapi?"

"Mara tatu," nikasema. "Nilitaka isifumuke."

Akaikamua, akaitandaza kwenye kamba, akajifuta mikono.

"Haikufumuka," akasema.