Rachael Amesema Ukuta Ni Mzima

Kabla hujaanza kunihurumia, jua kwanza kwamba mimi nilikuwa watu arobaini. Jina langu ni Nasimiyu, lakini kule ofisini, ghorofa ya tatu nyuma ya barabara ya Tom Mboya, nilikuwa Rachael, nilikuwa Omollo, nilikuwa Waithera wa mitumba, na wengine thelathini na saba, wote ndani ya simu sita zilizopangwa mezani.

Mtandao wa kijamii tuliouchezea hauna tajiri anayeumiliki. Kila mtaa unaendesha seva yake, na wanachama ndio huamua kwa kura. Mshale wa juu, posti inapanda. Mshale wa chini, inazama mpaka hakuna anayeiona, na ikizidi, mwenye posti anafukuzwa. Ili uingie, lazima wanachama wawili wakudhamini, kama kwenye chama cha akina mama. Watu wangu walidhaminiana wao kwa wao. Hata akaunti yangu ya kweli ilidhaminiwa na Rachael na Omollo, kwa uvivu wangu tu.

Bosi wetu, Ryan, kila asubuhi alituma namba za posti na maneno ya kubandika. "4417, chini. Bandika hii." Nabandika, napiga mishale arobaini, nasonga mbele. Sikuwahi kufungua posti hata moja. Nilikuwa na kasi kuliko wote pale, na nilijisifu kwa hilo, mjinga mimi.

Ila akaunti bandia lazima iishi kama mtu, ilalamike maji yamekatika, la sivyo itashtukiwa. Hapo ndipo Rachael alipokutana na mama yangu. Mama alikuwa akiishi mtaa wa Uthiru, chumba cha mwisho kwenye ploti ya vyumba vya kupanga. Siku moja aliandika kwamba goti linamsumbua, Rachael akamwombea. Haki ya Mungu, nilikuwa nacheza tu. Lakini mama alimfungulia Rachael moyo, akamweleza anavyomkumbuka baba hadi anashindwa kula. Mimi binti yake huwa naambiwa nilete unga.

Jumapili moja nikaenda kumwona. Nyuma ya chumba chake kunajengwa ghorofa, na wamechimba shimo hadi chini ya ukuta wake. Ufa ulikuwa umeingia mpaka ndani, juu ya kitanda. Mkono wangu ulipita.

"Woi, mama! Hii ni nini?"

"Ni kitu kidogo. Wambua wa chumba cha pili aliandika kwa mtandao ati utaanguka. Watu wakasema anatafuta kiki, wakamfukuza kwa kura. Akahama na hasira zake."

"Watu gani hao?"

"Wengi. Hata Rachael. Alisema amepita hapa, ameona kwa macho yake, ukuta ni mzima. Na Rachael hadanganyi."

Nikakaa kwenye ndoo. "Nimepita hapo leo, nimeona kwa macho yangu, ukuta ni mzima." Nilikuwa nimeyabandika maneno hayo mwenyewe, bila kujiuliza ni ukuta gani, wa nani.

"Mama, Rachael ni mimi."

Akacheka hadi akashika goti. "Wewe? Rachael ana adabu. Wewe hata kunipigia simu ni vita!"

Nililia, nikambembeleza twende kwangu Dagoretti. Akakataa katakata. Nikatoa simu hapo hapo, nikaandika kwa jina langu halisi kwamba kura zilikuwa bandia, kwamba Wambua alisema kweli. Kabla sijafika barabarani, nilikuwa nimepigwa mishale ya chini themanini. Arobaini ilikuwa yangu mwenyewe. Ryan alikuwa ameshabadilisha paswadi zote.

Jumatatu nikamfuata Mwanasiti, mama wa Pwani anayeendesha ile seva ya Uthiru. Huuza leso pale Biashara Street. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza.

"Waliokudhamini ni kina nani, mwanangu?"

"Rachael na Omollo."

"Nao ni watu?"

"Ni mimi."

Akavua miwani. "Basi ukiwa wasema kweli, hukudhaminiwa na mtu, na sheria yasema nikutoe. Ukiwa wasema uongo, posti yako ni ya uongo. Nikushike wapi mimi? Niletee paswadi moja tu, niwaoneshe watu. Siwezi kufukuza watu arobaini kwa neno la mmoja."

Nilitaka kumtukana, lakini alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniuma. Akaniomba radhi, kisha akaifuta akaunti yangu mbele ya macho yangu. Nje manyunyu yalikuwa yameanza, nami nikawaza lile shimo.

Nikarudi ghorofa ya tatu. Ryan hata hakukasirika.

"Niaje, Nasimiyu. Kwani siku hizi unasoma hizo vitu?"

"Nipe Rachael. Dakika kumi tu. Mama yangu analala chini ya ule ukuta."

"Nitakupa wote, simu zikiwa zimefunguliwa. Ongea na mamako kwa inbox, sina neno. Lakini mwenye hiyo ghorofa ndiye anatulipa, hiyo story isitoke hapo, na paswadi zinakaa na mimi. Halafu kuna kazi kubwa inakuja, na hao watu wa Uthiru wewe ndio unawajua."

Nikakubali. Ungefanya nini wewe? Nikaandika: "Dada yangu, nilikosea kuhusu ule ukuta. Toka humo leo hii, uende kwa binti yako. Anakupenda." Hayo ya mwisho niliyaandika nikilia. Jibu likaja dakika hiyo hiyo: "Amina dada. Naenda."

Jioni nikamkuta mlangoni kwangu na sufuria zake na Biblia. "Unaona mtu wa maana?" akaniambia. "Hakunipigia kelele."

Jumatano mchana ukuta ulianguka juu ya kitanda cha mama. Chumba kilikuwa kitupu. Niliposikia, nilipiga magoti pale ofisini, watu wakinitazama.

Alhamisi asubuhi Ryan akatuma: "4502, chini. Huyo atoke kabisa." Kwa mara ya kwanza nikaifungua posti. Ilikuwa ya Mwanasiti. Alikuwa ameweka picha ya kitanda kilichofukiwa, na chini yake ameandika: "Nani hawa waliotwambia ukuta ni mzima? Tuwachunguze mmoja mmoja. Tuanze na Rachael."

Simu yangu ikalia. Mama.

"Umeona wanavyomsingizia Rachael? Mtu aliyeniokoa! Mimi nimeshampiga huyo mwanamke mshale wa chini. Na wewe piga."

"Mimi sina akaunti, mama."

"Hata sishangai. Wewe ni lini ulisaidia mtu?"

Akakata simu. Ryan alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, mikono mfukoni, akingoja. Nikaanza na Omollo: mshale wa chini.