Majina Manne kwenye Fomu ya Mkaguzi

Mama Chupa, mtunza maabara ya kemia, alikuwa na dharau ya kumtosha kila mtu, na akiba ikabaki. Aliwadharau wanafunzi waliokariri makundi ya jedwali la elementi kwa kuyaimba, maana ukiwakatiza katikati ya wimbo ilibidi waanze tena mwanzo. Aliwadharau na walimu waliowafundisha wimbo wenyewe.

Yeye hakuwahi kukaa darasani kusoma kemia hata siku moja. Aliajiriwa kuosha chupa, akaziosha kwa miaka ishirini na miwili, na majina yakamwingia kupitia mikono. Metali alkali, kundi la kwanza, ndiyo sodiamu aliyoihifadhi ndani ya mafuta ya taa, kwa sababu ikionja maji inalipuka. Metali alkali za ardhi, kundi la pili, ndiyo utepe wa magnesiamu uliowaka siku moja ukamwacha anapapasa ukuta. Halojeni, kundi la saba, ndiyo iodini iliyompaka vidole rangi ya kahawia wiki nzima. Na gesi adimu, kundi la nane, hazichanganyiki na mtu wala hazigombani na mtu, kwa hiyo aliziheshimu kuliko binadamu wengi aliowafahamu.

Asubuhi hiyo ofisi ya elimu ilikuwa imemtuma mkaguzi. Kila mtunza maabara asiye na cheti angehojiwa, maswali yale yale kwa wote, yaani majina ya makundi manne ya elementi, na atakayeshindwa angekabidhi funguo siku hiyo hiyo na kwenda zake nyumbani. Mama Chupa hakuwa na cheti. Alikuwa na mama mzee nyumbani, aliyekula kwa kazi hiyo. Hata hivyo hakupoteza usingizi, kwani majina manne ni kitu gani?

Mkaguzi akaingia, akakifuta kiti kwa leso kabla ya kukaa. Kiti hicho Mama Chupa alikuwa amekifuta mara mbili. Hapo hapo Mama Chupa akamtia kwenye orodha yake ya watu wa kudharauliwa.

"Kundi la kwanza linaitwaje?"

"Metali alkali."

Mkaguzi akachungulia karatasi yake ya majibu, akaweka alama ya kosa. Kundi la pili, kosa. La saba, kosa. La nane, kosa. Mama Chupa akanyoosha shingo. Karatasi ilikuwa imechapwa na mtu ambaye akili yake ilishakwenda kula: jina la mwisho lilikuwa limepanda juu kabisa, na mengine yote yameshuka ngazi moja.

"Mheshimiwa, hiyo karatasi imekosewa. Kundi la kwanza umeandikiwa gesi adimu."

"Mama, hii imetoka ofisini. Ina muhuri."

"Muhuri haujasoma kemia. Hebu tazama chati hapo nyuma yako."

Mkaguzi hakugeuka. "Chati hiyo ni ya zamani."

"Kwani elementi zimehama nyumba? Basi ngoja nikutolee sodiamu, tuitumbukize kwenye beseni la maji, uione hiyo gesi yako."

"Fomu haina sehemu ya majaribio," akasema mkaguzi, akaandika sufuri.

Barazani, mtunza maabara ya baiolojia, ambaye shule nzima ilimwita Kaka Chura, alikuwa anakenua meno. Alikuwa amepata nne kwa nne. Mtu huyo juzi tu alimuuliza Mama Chupa kama halojeni inauma.

"Dada, wewe unajitesa nini? Karatasi ameilaza mezani wazi wazi. Mimi nimeisoma kichwa chini miguu juu, nikamjibu anavyotaka. Kanipa na mkono."

"Na huoni aibu?"

"Aibu ninayo. Na kazi ninayo."

Mama Chupa akasonya kwa nguvu. Alikuwa hajamaliza kusonya mwalimu mkuu akaja mbio, tai imemkaa begani.

"Dada yangu, nimekuombea urudie baada ya chakula cha mchana. Mpe anachotaka aondoke. Ukienda wewe, hizo sumu nitamkabidhi nani? Kaka Chura?"

Mama Chupa akamtazama Kaka Chura, ambaye wakati huo alikuwa anajikuna sikio kwa kalamu. Akamfikiria akifungua kopo la sodiamu kwa mikono yenye maji. Akamfikiria mama yake mzee nyumbani. Akaenda kukaa peke yake katikati ya makabati.

Mchana mkaguzi akakifuta tena kile kiti.

"Kundi la kwanza?"

"Gesi adimu," alisema Mama Chupa, macho makavu.

"La pili?"

"Metali alkali."

"La saba?"

"Metali alkali za ardhi."

"La nane?"

"Halojeni."

"Umeona sasa, mama? Ukitulia, kumbe unajua." Mkaguzi akampa mkono. Kisha akachomoa nakala safi ya majibu yale. "Hii wabandikie wanafunzi, iwasaidie."

Akasimama kumsubiri. Mama Chupa akaibandika ubaoni kwa pini nne, huku akiapa moyoni kwamba gari la mkaguzi likishatoka tu getini, ataichana vipande.

Lakini kengele ikalia, wanafunzi wakaingia. Msichana wa mbele kabisa akaisoma ile karatasi, akakunja uso.

"Mama, kumbe sodiamu ni gesi?"

Mkaguzi, fomu bado mkononi, akamgeukia Mama Chupa. Alikuwa hajatia sahihi.

Kwa miaka ishirini na miwili Mama Chupa aliwadharau watu kwa kusema wasichokijua. Siku hiyo hakumwona wa kumdharau zaidi ya yeye mwenyewe.

"Ndiyo, mwanangu," akasema. "Gesi."

Msichana akafungua daftari, akaandika.