Viatu Vikavu vya Rumaisa

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Rumaisa binti Maftah aliketi kizingitini kwao Bwaise, mtaa wa bondeni Kampala, akifunga kamba za viatu vyake vya mbio. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na maji yalikuwa yamefika tofali la pili la ngazi, ambayo kwa mtaa ule ni maji ya kawaida. Watu huanza kupandisha magodoro juu ya meza yakifika la nne. Ng'ambo ya mtaro mkubwa alisimama Afande Obita, sajenti mstaafu wa polisi, mwavuli mkono mmoja na saa ya kupimia mbio mkono wa pili. Aliinua mwavuli mara moja. Rumaisa akashuka ngazi, akakanyaga juu ya maji, akakimbia.

Alipita mbele ya kibanda cha Helen muuza chapati, akaukata mtaro mahali ulipo mpana kuliko pengine pote, akafika upande wa pili. Helen alifunika beseni lake la unga. Hakulifunika kwa ajili ya Rumaisa, ambaye hakurusha hata tone, bali kwa ajili ya bodaboda iliyokuwa ikija nyuma yake na uzito wa kawaida.

"Mguu ya kushoto bado nasema sana," alisema Obita kwa Kiswahili chake cha kambi ya polisi. "Nakanyaga kama nadai kitu. Rudia."

Rumaisa akarudia. Viatu vilikuwa na unyevu kidogo kwenye soli.

Jambo hili halikuja kwa siku moja, na ni vizuri liandikwe hivyo, kwa kuwa wapo watu wanaopenda kudhani mambo ya namna hii hudondoka kutoka mbinguni. Rumaisa ni fundi cherehani, anashona sare za shule, ana miaka thelathini na minne. Kwa miaka saba alikuwa akishiriki mbio za kilomita themanini zinazokatiza vilima, msitu na mashamba ya miwa mashariki ya Kampala, na miaka yote hiyo alitafuta kitu kimoja tu, kumaliza kwa muda usiozidi saa kumi. Hakuwa akishindana na mtu. Mara ya kwanza alichukua saa kumi na dakika arobaini na moja. Mara ya sita alichukua saa kumi na dakika sita, na dakika sita hizo zilimkalia rohoni mwaka mzima. Alijua zilipo. Zilikuwa kwenye kilomita ya hamsini na mbili, katika kinamasi cha mafunjo, ambako kila mkimbiaji huzama hadi magotini na kuacha nusu saa.

Obita, aliyewahi kuwa mkimbiaji wa timu ya polisi, ndiye aliyekuwa amemwambia, tangu mbio za tano, kwamba kinamasi kiko mbali lakini tope liko mlangoni kwao, tena bure. Kwa hiyo mvua zikija, wenzake walikaa ndani na Rumaisa alitoka. Msimu wa kwanza alizama hadi magotini. Msimu wa pili alizama hadi vifundoni. Msimu wa tatu alizama unene wa soli, kisha hata huo ukapungua. Sharti lilikuwa moja, asisimame. Akisimama alizama kama mtu mwingine yeyote.

Baba yake, Maalim Maftah, anayefundisha Kurani chuoni nyuma ya nyumba, alimwangalia siku ya kwanza alipopita juu ya maji.

"Maji ya mtaro ule ni najisi," alisema. "Kama hayakugusi, afadhali."

Siku ya mbio za mara ya saba Rumaisa alifika kinamasini akiwa amekimbia saa sita na robo. Akapita juu ya mafunjo yaliyolala na juu ya maji meusi katikati yake, bila kupunguza mwendo. Upande wa pili alimkuta Okullo, msimamizi wa kituo, aliyekuwa na kazi moja, kukagua viatu. Miaka miwili nyuma wakimbiaji watatu walipanda bodaboda wakakizunguka kinamasi kwa barabara ya lami, wakatokea mbele ya wenzao wasafi kama maharusi. Tangu hapo ikaandikwa sheria kwamba asiye na tope hajapita.

"Nyabo, mama, tope iko wapi?" aliuliza Okullo.

"Sina. Nimepita juu."

"Mimi nimeona. Kutoka kule mpaka hapa, na macho yangu mbili." Aligeuza karatasi yake, akaangalia nyuma, akaigeuza tena. "Lakini hapa iko sehemu ya tope tu. Ya juu hakuna."

"Basi nikanyage hapa."

"Hii ni tope ya hapa. Sheria nataka ya kule."

Kurudi nyuma azame kwa makusudi kungemlia nusu saa ileile. Rumaisa akaendelea. Alimaliza kwa saa tisa na dakika arobaini na nane, kwa saa ya Obita. Kwenye ubao wa matokeo jina lake liliandikwa la mwisho kabisa, na mbele yake neno moja, *Hakupita*. Alikaa kwenye nyasi akalia, wala hakuona haya. Obita alimpa chupa ya maji, akakaa kando yake, akasubiri amalize.

Wiki mbili baadaye ikaja habari ya daraja.

Mtaro ule huvukwa kwa ubao mmoja. Mwaka uliopita Mzee Jibril, mume wa Bibi Sitti wa nyumba ya tatu, aliteleza kwenye ubao huo akielekea sala ya alfajiri. Walimpata mchana, chini kule mtaro unapoingia chini ya barabara. Bibi Sitti hakupiga kelele. Alianza kuandikisha barua kwenye ofisi inayohusika na madaraja, barua moja kila mwezi, na baada ya barua ya kumi na moja ofisi ikajibu kwamba itatuma afisa aje aone kwa macho.

Jioni ya kuamkia siku hiyo Bibi Sitti alikuja kwa Rumaisa, akakaa kwenye mkeka.

"Mwanangu, kesho usitoke," alisema. "Akikuona wewe hatatuona sisi."

"Sitoki, Bibi."

Hakutoka. Asubuhi, maji yakiwa kwenye tofali la tatu, alikaa kwenye cherehani mbele ya dirisha, viatu vya mbio miguuni kwa mazoea tu. Afisa alikuja na buti ndefu za mpira na mfuko wa plastiki wa kukinga karatasi zake. Alikuwa mtu mpole. Alisimama ng'ambo akawaomba wakazi wavuke kama wavukavyo kila siku. Bibi Sitti akasema atatangulia yeye. Wakamkataza. Akasema yeye ndiye mwenye barua.

Katikati ya mtaro ubao uligeuka. Bibi Sitti aliingia majini kimya, mtandio wake ukabaki juu, kisha nao ukaanza kwenda.

Rumaisa aliacha sindano ndani ya kitambaa. Alipita dirishani, kwa kuwa mlango ulikuwa mbali zaidi. Alikimbia juu ya maji hadi mahali mtandio ulipokuwa, akasimama, kwa hiyo akazama hadi kifuani, akamshika bibi kwapani na kumweka mgongoni. Halafu akaanza kupiga miguu. Alipiga kama alivyofundishwa, bila kudai kitu. Akapanda hadi mapajani, hadi magotini, hadi vifundoni, na kwa mzigo ule hapo ndipo alipoishia kupanda. Akamvusha Bibi Sitti hadi miguuni pa afisa, akamlaza, akambana tumbo mpaka maji yakatoka.

Afisa alisubiri bibi akohoe vya kutosha. Kisha akatoa karatasi kavu.

"Kwa hiyo mnavuka," alisema.

"Huyu anavuka," alisema Maalim Maftah kutoka upande wa pili. "Sisi tunaanguka."

"Mimi nimeona wawili wakifika, mzee. Siwezi kuandika nisichokiona."

Akamuuliza Rumaisa jina lake linavyoandikwa, akaliandika bila kosa. Obita hakuwa akimsikiliza. Alikuwa ameinama anaangalia viatu vya Rumaisa, vilivyojaa tope hadi juu ya kamba.

"Hii Okullo angekubali," alisema.

Jibu lilibandikwa baada ya wiki tatu kwenye nguzo ya umeme, mbele ya kibanda cha Helen. Lilisema wakazi huvuka kwa miguu katika msimu wote wa mvua, na kwamba daraja halihitajiki kwa sasa. Bibi Sitti aliomba asomewe mara mbili. Rumaisa alisimama karibu naye na hakujua aiweke wapi mikono yake.

"Ungeniacha kidogo," alisema Bibi Sitti.

"Kidogo kiasi gani, Bibi?"

Bibi Sitti alifikiri. Akamshika Rumaisa mkono wakarudi nyumbani.

Ubao ulikuwa umekwenda na maji, na tangu siku ile hakuna aliyeleta mwingine. Siku za mvua watu hupanga foleni pembeni ya mtaro tangu saa kumi na mbili, viatu mkononi, kina mama na wanafunzi, na Rumaisa huwavusha mgongoni mmoja mmoja. Obita hakulalamika. Alisema mazoezi ya mzigo ndiyo yaliyokuwa yamekosekana, kwamba mkimbiaji aliyezoea uzito atazama kiasi kinachotakiwa na sheria na bado atamaliza mapema. Hupima kila safari kwa saa yake na kuandika kwenye daftari. Helen huwapa Rumaisa na Obita chapati za kwanza. Wale wanaotoka mitaa mingine huuliza kwa nini hapajengwi daraja, na huonyeshwa nguzo ya umeme.

Bibi Sitti huvuka wa mwisho. Wakifika katikati humgonga Rumaisa begani, naye hukimbia papo hapo, haendi mbele wala harudi nyuma, maana akisimama watazama wote wawili. Obita anasema hakuna kazi ngumu kuliko hiyo katika mchezo mzima.

"Assalaam alaykum, Jibril," husema Bibi Sitti akiangalia maji. "Tumeamka salama. Daraja bado."

Halafu hugonga tena bega, wanaendelea. Obita hasimamishi saa. Mwezi wa kwanza salamu hiyo ilichukua sekunde kumi na mbili, na Rumaisa alizama hadi magotini. Siku hizi Bibi Sitti humsimulia mumewe habari za mtaa mzima, nani kaoa na nani kahama, na wakifika ng'ambo viatu vya Rumaisa ni vikavu.